Utenzi wa Mgongo Wangu

Uso haukuwa wangu,
sauti si mali yangu,
bali ni mgongo wangu
ulotamba sinemani.

Jina langu ni Livio,
kazi: kuvunja vioo
asubuhi na machweo,
huko Trieste mjini.

Mwaka sitini na sita,
nyota kutoka Gaeta,
nywele zanuka mafuta,
Fulvio, kashuka pwani.

Kwenye mabango ni simba,
jasusi mwenye kutamba;
njiwa wakija sambamba,
hukimbilia chooni.

Na ghorofa? Hata moja
hakupanda, alingoja.
Wakaniita kwa hoja:
twafanana mabegani.

Mara tisa siku ile
niliruka toka kule,
roshani ya juu ile,
nikatua samakini.

Dagaa wa juzi, jama,
jua limewaandama;
nikitoka, paka nyuma
wanifuata njiani.

Mwongozaji, bwana Tulli,
alikuwa na akili,
ila kurasa kamili
hazikuwa mkobani.

"Mwisho," akasema, "waja
kama kikohozi; ngoja,
kwanza tupige pamoja
mbio zetu milimani."

Nikavishwa joho refu
la mtawa mwadilifu,
sharubu za usumbufu
zikicheza mdomoni.

Skuta, breki zikaasi,
kilima chaomba kasi;
nyuma, kamera na basi
vikabakia vumbini.

Mti wa rangi ya damu
nikaupiga salamu,
ukakatika; fahamu,
hapo ndipo mpakani.

Yugoslavia! Walinzi
wakaruka kama panzi,
kahawa wawapa nzi:
"Mtawa huyu ni nani?"

Wakanipekua mwili:
bastola za mti mbili,
jibini yenye kufuli
na kamera iko ndani,

na ramani, siri kuu,
kwa penseli ya buluu,
mchoro wa mjukuu
wa Tulli, pengo kinywani.

Kapteni kwa jina Zvonko:
"Sista, sharubu si zako!
Taja sasa bosi wako
na wenzako kina nani."

Nikasema yote, yote:
bomu liko kwenye pete,
profesa mwenye mkate
usemao redioni.

Koplo akaanza cheka,
kofia ikadondoka;
Zvonko naye akachoka
kujizuia mbavuni.

"Halafu?" akauliza,
"mwisho wake?" Nikawaza:
"Hatujui." Kasogeza
kiti chake ubavuni.

Usiku kucha, kwa chai,
tukabishana: hafai
kufa jasusi; yu hai,
ila aketi mezani:

yeye na adui wake,
mguu nchini kwake,
wacheze hadi wacheke
karata za mpakani.

Asubuhi nikarudi
na mwisho, tena zawadi:
soseji tatu, baridi.
Tulli kalia, jamani!

Siku ya kwanza, sinema
ikajaa. Mimi, mama,
nyuma kabisa twahema,
tukabanana kitini.

Fulvio akipigiwa
makofi na kusifiwa,
mama hakuhadaiwa,
akang'amua gizani:

"Kile kiraka," kasema,
"nilikishona mapema,
Jumapili ile njema:
ndiwe huyo ukutani!"

Akapiga kofi moja,
peke yake, hakungoja
watu. Tukenda pamoja;
paka wako mlangoni.