Kituo Kati ya Hodi na Hodi

Bolton nyumba hazina baraza.
Unatoka barabarani, hatua moja tu,
umeshafika usoni pa mtu:
mlango mwekundu, tundu la barua la shaba,
kengele iliyokufa kabla sisi hatujahamia.

Nilikwenda na bakuli la tambi za sukari, sahani juu,
kwa kuwa ukuta wetu ni mmoja
na harufu ya iliki ilishanitangulia kwake.

Nikasimama kando ya mlango, si mbele yake,
bega ukutani, macho nimeyaachia magari,
kama alivyotufunza Maalim Badi, bakora mapajani:
"Ruhusa imewekwa kwa ajili ya jicho.
Jicho lisitangulie mguu."

Nikagonga. Hodi.
Nikagonga. Hodi, Bi Entwistle.
Nikagonga ya tatu, mvua nayo inanigonga mimi.
Kimya.

Hodi ni tatu. Ukiambiwa rudi, rudi,
na usipoambiwa kitu, hilo nalo ni jibu.
Nikarudi kwangu kifua mbele,
kama mtu aliyelipa deni.

Jumanne vivyo hivyo.
Alhamisi vivyo hivyo, tambi wakazila watoto.
Nikamwambia Shekuwe, "Yule mama hataki watu.
Wenyewe wamezoea kujifungia."
Akaguna tu, akaongeza chai.

Basi tazama: jicho nililishika,
mguu nikaushika,
ulimi ukapenya tundu la barua
ukaketi sebuleni kwa watu bila hodi.

Jumamosi mlango ulikuwa wazi,
mtu wa gesi amekuja kusoma mita.
Yeye kasimama ukumbini, mikono miwili kwenye fremu ya kutembelea,
soksi moja ya kijani, moja ya kijivu.
"Kumbe ni wewe," akasema,
"unayegonga ukakimbia, kama watoto wa mtaa huu!
Kila nikifika pale zulia lilipopasuka
nasikia mlango wako unafungwa."
Hakukasirika. Alicheka mpaka akakohoa.
"Kutoka kitini hadi hapa ni dakika nne.
Nimezihesabu."

Dakika nne.

Usiku ule, mikono kwenye povu la vyombo,
ikanijia sehemu ya pili ya somo,
ile aliyoisema Maalim nilipokuwa nachungulia nje
nikingoja turuhusiwe:
"Na kati ya hodi na hodi, wewe mwenye haraka,
ngoja kadiri ya mtu kumaliza rakaa nne.
Huenda anasali. Huenda yumo bafuni.
Huenda ni mzee."

Nilikuwa nimebeba tatu
kwa kuwa tatu ni nyepesi, zinaenea kwenye vidole.
Kituo sikukibeba.

Siku hizi nagonga mara moja
kisha naegemea ukuta wake kama mtu asiye na kwao.
Koti linalowa. Basi la saa kumi linapita,
dereva ameshanizoea, hunipungia mkono.
Ndani nasikia: kiti kinalia.
Fremu, tak.
Kandambili.
Fremu, tak.
Anapumzika kwenye zulia lililopasuka,
nami napumzika naye, upande huu wa mbao.

Bakuli halirudi tupu. Juzi lilirudi na matufaha matatu,
moja limeliwa na mdudu, akanionyesha wapi pa kukata.

Tangu Jumamosi ile
sijafika hodi ya pili.