Sufuria ya Lita Themanini

Tangu Jumanne tulifinya perogi,
vitonge vya unga vyenye viazi tumboni,
elfu nne na mia mbili, Olha Stefaniuk akihesabu
kama anayehesabu dhambi za mtu mwingine.
Ukumbi chini ya kanisa ulinuka vitunguu na makoti mabichi.
Nje, mashamba ya Saskachewani yamekwisha kuvunwa,
upepo hauna pa kujigonga
ila ghala la ngano na kuba mbili:
yetu ya kijani, na ile ndogo, ya buluu,
ng'ambo ya reli.

Mzozo ulianza na ubao.
Miaka thelathini na mmoja ubao ule ule,
mwandiko wa marehemu Bohdan:
SUPU YA BITIRUTI. Na chini, kwa herufi ndogo,
"ya Kirusi, kutoka kwa majirani."
Basi. Maneno matano.
Mwaka huu neno la pili liliota meno.

Kamati ilikaa hadi usiku wa manane.
Mmoja alisema: mpwa wangu yuko handakini,
siuzi supu kwa jina la anayempiga.
Mwingine: supu haijampiga mtu.
Wa tatu: padri wao huombea amani
bila kusema ni nani aliyeivunja.
Padri Metodi, wetu, alikoroga chai isiyo na sukari,
akasema Ekaristi si mboga, na mboga si Ekaristi,
tukashindwa kujua yuko upande gani.
Kura saba kwa sita. Ubao ukageuzwa uso ukutani.
Mimi niliinua mkono. Sisemi ni lini.

Vita vya panzi: kunguru hakukawia.
Jumamosi Darrel Kostyniuk, mgombea umeya,
alifika na shati la tarizi, lingali na mikunjo ya dukani,
akashika kipaza sauti mbele ya foleni ya soseji,
akatuita ngome.
Akasema ng'ambo ya reli kuna macho na masikio.
Ng'ambo ya reli kuna watu kumi na tisa,
wengi wao wana masikio ya betri.
Nusu yetu walipiga makofi. Nusu walitazama sahani.
Kijana wa akina Yaremko, aliyezaliwa hapa na baba yake pia,
alivuka na bitiruti mfukoni,
na mlango wa buluu ukapata doa.

Pelageya Sorokina hakuja kugombana.
Alikuja saa tisa, kama kila mwaka,
chungu chake cha supu kimekaa kiti cha mbele,
kimefungwa mkanda kama mjukuu.
Tulimwambia mlangoni. Nilikuwa nyuma ya Olha,
kisanduku cha tiketi kifuani kama ngao.
Aliuliza kitu kimoja tu:
"Mmeonja ya mwaka huu?"
Kwa Kiukreni aliuliza, kile cha mama yake,
safi kuliko changu.
Mimi najua maneno ya jikoni tu, na ya mazishi.

Akawasha gari. Nisidanganye:
hakuna aliyelikimbilia.
Foleni ilisogea hatua moja, mtu akaomba haradali.

Usiku tulihesabu pesa za gari la wagonjwa,
dola elfu tisa na vifungo viwili vya shati.
Nilibakiwa na sufuria kubwa, ile ya lita themanini,
iliyochemsha kabichi zetu tangu sijaota meno.
Nikaigeuza nisugue kitako.
Ndani ya masizi, kwa ncha ya msumari,
mtu wa zamani alikuwa amekwaruza:
MALI YA MT. SERAFIMU. IKISHATUMIKA IRUDISHWE.

Nilisugua. Herufi zikazidi kung'aa.
Olha alisoma juu ya bega langu, akakausha mikono
kidole kimoja baada ya kingine,
akasema hiyo hubebwa na watu wawili.
Hakusema ni akina nani.