Majivu Hayapo

Kina urefu wa kidole cha kati cha Baba
na taa mkiani, buluu, kama kimulimuli.
Nimekitoa Mwanza ndani ya soksi,
nikakilaza chini ya maandazi usiku kucha kwenye treni
kama mtu aliyebeba kosa, mpaka Usoke.

"Unavuta tu, Baba. Hakuna kuwasha."
Anakigeuza. Anakinusa kwanza,
maana pua yake ndiyo iliyotulisha:
miaka thelathini na mmoja akichambua majani
kwa taa ya chemli, ya juu, ya kati, ya chini,
kisha sokoni mteuzi wa kampuni akipita
na kushusha daraja kwa neno moja,
naye kimya, akihesabu deni la mbolea
kwa vidole vya miguu ndani ya viatu.

"Hili ni embe," anasema. "Embe la wapi?"
Sijui. La kiwandani.
"Embe lisilo na mti."
Anavuta. Anakohoa
kile kikohozi kilichonileta,
nilichokisikia kwenye simu mwezi wa tatu
kikimkata kauli mara nne
kabla hajamaliza kuniuliza kama nimekula.

Daktari wa Tabora alitaka aache kabisa.
Baba alimjibu kwa adabu, kofia mkononi:
"Mwanangu, mke niliishi naye miaka arobaini, nimemzika.
Tumbaku ni wa pili. Nizike wangapi?"
Daktari akaandika kitu.
Mimi nikatazama dirishani.

Basi tumekutana hapa, nusu ya njia.
Simdanganyi. Nimemwambia: hii si dawa,
nikotini ni ile ile, imevaa shati jipya.
Hilo limemwingia upesi.
"Kama mwenyekiti wetu wa chama cha msingi,"
anasema. "Kila uchaguzi, shati."

Siku ya kwanza anakikung'uta nje ya mlango,
tk, tk, kwa kidole cha shahada,
anatazama chini: majivu hayapo.
Siku ya pili anakikung'uta tena.
Siku ya tatu kilizima, maana paneli ya sola
ilishinda na mawingu na simu ya jirani,
na kutoka nyuma ya bani la zamani
ikanijia ile harufu.

Sikwenda.
Ningekwenda ningesema nini?
Ada yangu ya kidato cha kwanza ilinuka hivyo.
Sare, madaftari, shuka la bweni,
hata noti alizonipa stendi zilinuka hivyo,
na wasichana wa mjini wakaziba pua.
Mimi, niliyesomeshwa na moshi,
namfundisha nani kuuacha?

Alirudi, akakaa, tukala michembe na karanga.
"Mbili tu, Kalunde," akasema, sijamuuliza.
Juma lililopita alikuwa akimaliza pakiti.

Kesho naondoka. Nimemwandikia
kwenye ubavu wa boksi la sabuni, herufi kubwa:
NYEKUNDU NI NJAA. BULUU NI SHIBE.
Nimeongea na Nkwabi wa mashine ya kusaga,
yeye ana umeme wa nguzo, ampe tundu la kuchomeka.
Nkwabi alicheka mpaka akashikilia gunia:
"Ndalahwa! Siku hizi unachaji mapafu?"
Baba naye akacheka, akakohoa,
akacheka tena juu ya kikohozi.

Jioni anakaa kwenye gogo la muyombo,
kuni ya mwisho ya bani, ambayo hakuna aliyeichoma.
Mdomoni mwake taa ya buluu inawaka, inazima.
Mkono wa pili uko mfukoni.
Nasikia kibiriti: anakitikisa polepole,
njiti zinagongana ndani kama mbegu.

"Zimebaki ngapi?" nauliza.
"Siziwashi," anasema.
"Nazisikiliza tu."