Hodi Moja

Jumatano, Ibra. Soko la wanawake limemwagika hadi barabarani,
na mimi nimepiga magoti chini ya meza ya hospitali,
ofisi ya rekodi,
napapasa tundu la waya ndani ya vumbi la miaka.

Kazi yenyewe haina hadithi.
Kompyuta thelathini na mbili, kila moja na bawabu wake
asiyemjua bawabu wa jirani.
Mtumishi alipiga hodi kwenye mashine,
akapiga hodi kwenye mafaili ya wagonjwa,
hodi maabara, hodi famasia, hodi likizo, hodi mshahara,
hodi mpaka kwenye printa,
kisha akayaandika maneno yote saba kwenye kikaratasi
akakificha pale kila mwizi anapoanzia kutafuta:
chini ya kibodi.

Kuanzia leo hodi ni moja.
Seva iko chini, chumba cha baridi;
yeye ndiye atakayejua nani ni nani.
Asubuhi utajitaja, atakukatia tiketi,
na tiketi itakufungulia milango mingine
kimyakimya, mpaka jioni.

Naipa mashine jina. Naielekeza kwa seva.
Nangoja jibu kama aliyepeleka posa.
Ya kwanza, ndiyo. Ya pili, ya tatu, ndiyo.
Ya nne inakataliwa.
Nakagua waya, nakagua anwani, najilaumu,
kumbe ni saa: imechelewa dakika saba,
na seva haisamehe zaidi ya tano.

Bi Thuwaiba anacheka mpaka ushungi unamteleza.
"Khaa! Dakika tano tu?
Na sisi tuliokuja na saa zetu kutoka Pemba,
tukisema saa mbili ukuta unasema saa nane,
miaka yote hii tunapishana na ukuta masaa sita
na hapana mgonjwa aliyekosa dawa yake."

Narekebisha saa. Posa inakubaliwa.
Mashine hiyo ni yake.

"Neno la siri jipya," namwambia. "Herufi kumi na mbili,
iwepo kubwa, iwepo tarakimu. Usinitajie."
Nageuza uso dirishani: mlima mkavu,
gari la maji, mbuzi kwenye kivuli cha gari la maji.
Sisikii kibodi.

"Hili la zamani haliwezi kubaki?"
Fupi mno, nasema. Herufi sita.
"Ni jina la mtu," anasema.
Halafu: "Naweza kumwongezea la baba yake?"
Nasema yafaa.
"Na mwaka."
Mwaka wa nini, siulizi.
Kwenye kioo cha dirisha naiona midomo yake
ikivitangulia vidole.

Milango inafunguka. Rekodi, maabara, famasia,
hakuna hata mmoja unaouliza wewe nani.
Wengine hapa hunipigia makofi.
Yeye amebaki na vidole hewani
kama mgeni aliyekuta mlango wazi
na nyumba haina mtu.

"Kwa hiyo sasa ni mara moja tu?"
Mara moja kwa siku! nasema, kwa fahari.
"Mimi nilikuwa namwita mara saba."

Mafunzoni hatukufika hapo.
Nina vyeti viwili, nina amri nazijua kwa moyo,
na hapana amri ya jambo hili.
Nakohoa. Nasema la kazi:
kwamba kioo kisipoguswa kwa dakika kumi kinajifunga,
kitamwuliza tena;
au mwenyewe, akiinuka, abonyeze hapa na hapa.
Ni kanuni ya usalama, naongeza,
hata ukienda kuchukua kahawa tu.

Ananitazama kidogo. Hasemi asante.

Narudi chini, meza ya tano.
Kutoka huku naona viatu vyake tu:
vinakwenda kwenye birika, vinasimama,
vinarudi. Sikusikia kahawa ikimiminwa.
Kisha vidole, polepole, herufi kwa herufi,
nami nimeushika waya mkononi
siuchomeki,
usije ukalia tak.