Mpini wa Shoto

Kila mwaka, kabla ya mashindano ya masika,
Bwana Patxi Urrutia hushuka ngazi za karakana yangu
na mvua ya Eibar mabegani,
bastola ikiwa ndani ya kopo lililokuwa la biskuti.
Hasalimu. Hunyoosha mkono wa kulia,
nami huupima kama mshona viatu apimavyo mguu.

Miaka ishirini na sita nimeuchonga mpini ule.
Kidole gumba kilipovimba kwa baridi yabisi
nilipunguza mjozi unene wa nywele mbili.
Kiganja kiliponywea
nilibandika unga wa mbao na gundi, nikapiga tupa.
Anashika, anafumba macho, anasema, "Bado."
Napiga tena.
"Bado."
Kwa nje ni kitu kibaya, kina viraka kama suruali ya mkulima.
Lakini ukitia mkono wako humo
unahisi umeingia nyumba ya mtu bila hodi.

Mwaka huu alipouweka mkono mezani, ulicheza.
Tuliutazama sote wawili.
Akaurudisha mfukoni.
"Ifanye mpya," akasema. "Chuma kiwe buluu
kama siku niliyoinunua. Kifyatulio kisikwaruze.
Si yangu tena. Ni ya Nahia, mjukuu wangu."

Watu hudhani buluu hupakwa.
Buluu ni kutu uliyoialika mwenyewe.
Unakipangusa chuma kwa dawa, unakilaza penye unyevu,
asubuhi kimeota manyoya ya rangi ya chungwa.
Unakichemsha kwenye maji ya mvua, manyoya yanakuwa meusi,
unasugua kwa brashi ya waya,
unaanza tena.
Mara saba.
Adui alaye chuma, ukimwahi, ukampika,
anageuka bawabu.
Baba hakunieleza hayo. Alinipa brashi tu, akaenda kula.

Karibu na mdomo wa mtutu palikuwa na mkwaruzo.
Naujua: ni wa Bilbao, siku aliposhindwa kwa pointi moja
akaiachia bastola ikaanguka sarujini.
Nilimpigia simu. Niuache?
Kimya, kisha kikohozi.
"Utoe. Mtoto asirithi pointi yangu."
Nikautoa kwa msasa, polepole,
na nakiri nilisikitika kuliko yeye.

Nahia alikuja Jumamosi, kofia ya baiskeli kichwani,
umri miaka kumi na saba, kucha zina rangi ya kijani.
Nikampa bastola, mpya kama maji ya usiku,
ikiwa na mpini uleule wa babu yake.
Akaipokea kwa mkono wa kushoto.

Tukanyamaza.
"Unaandikia huo?" babu akauliza.
"Tangu nizaliwe, Aitona."
Mzee akajishika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini,
akanigeukia: "Arrate, miaka kumi na saba
nimekuwa natazama shabaha!"

Basi nikatoa gogo jipya la mjozi.
Nilitaka kumpima, yeye akanizuia.
Akauinua mkono wake wa kulia, Nahia akainua wa kushoto,
wakavigusanisha viganja juu ya jiliwa,
kidole kwa kidole, kama mtu na kioo.
Sawasawa, ila kucha.
Mkono wa mzee ukaacha kucheza,
au wa msichana ulianza;
kutoka nilipokaa sikuweza kujua.
Nikachora mstari kuuzunguka.

Wiki tatu baadaye walilipa, wakaenda.
Bastola aliibeba Nahia, kwenye sanduku lenye kufuli.
Mzee aliomba ule mpini wa zamani, bila chuma.
Nikaufungua skrubu mbili, nikaufunga kwenye gazeti.
Gazeti aliliacha mezani.

Naye yuko kituoni, namwona dirishani,
koti limetuna upande wa kulia.
Ameushika.
Bega lake limeshuka kidogo
kama lilivyokuwa likishuka kabla ya risasi ya kwanza.
Nahia anamvuta mkono wa koti.
Basi limefika, limefungua mlango,
na yeye bado amefumba macho.