Skrini ya Nne

Pafukapo moshi pana moto, walinena wahenga,
lakini wahenga hao hawakukesha Lushoto mwezi wa tisa,
hawakuuona ukungu wa Magamba ukijifunga shuka
na kupanda kutoka bondeni kama mtu anayedai deni lake.

Mimi huulinda mlima nikiwa nimekaa.
Skrini tisa, feni moja, chupa ya chai ya tangawizi,
na kiti kilichovunjika mguu, ambacho Shemweta
alikifunga kwa mpira wa baiskeli akaniambia, kalia taratibu.
Minara tisa inanitumia milima:
Shume na misindano yake iliyopangwa kama gwaride,
Mkuzi, Rangwi, ukingo wa Mtae ambako dunia huishia ghafla
na uwanda kuanza huko chini, mkavu, rangi ya gunia.
Lenzi hugeuka. Haipepesi. Haiendi msalani.
Haina pua.

Hilo niliwaeleza waliokuja kuzifunga:
moto wa kwetu tunaunusa kabla ya kuuona.
Moshi wa miwati ni mchungu, wa mabua una utamu,
wa mkaa wa wizi hutambaa chini kwa chini, una haya.
Wakacheka, wakaniandikia nywila kwenye kikaratasi.

Saa saba na robo mchana skrini ya nne ikafanya doa jeupe.
Mashine ikajiuliza, ikajijibu:
UKUNGU, asilimia tisini na moja.
Mimi niliyeachiwa zile tisa
nikasogeza kiti.
Ukungu huja kwa miguu, alinifundisha mama,
huingia kila mlango, haubagui;
moshi kwanza husimama wima,
hutazama upepo unakwenda wapi,
ndipo hulala.
Huu ulikuwa umesimama.

Nikavuta picha. Nikavuta tena.
Paa la bati lenye kiraka cha buluu. Mpeasi uliopinda.
Naujua mpeasi ule. Nilianguka kutoka tawi lake la pili
nikiwa na miaka saba, na kovu liko hapa, chini ya nyusi.
Kwembalasa. Shamba la kaka yangu Hoza,
aliyeniambia Jumapili kwenye simu,
"Mabua mwaka huu ni mengi, nitayapunguza."
Kupunguza! Tuna maneno mapole
kwa mambo yenye meno.

Nikakiita kikosi cha Shume kwenye redio.
Nikataja namba ya mnara, nyuzi, umbali hadi msituni:
mita mia mbili na kitu.
Mpeasi sikuutaja.

Kisha kukabaki kutazama.
Moto wa kwenye skrini hauna sauti.
Mabua yanapasuka, sisikii. Ng'ombe anakata kamba, sisikii.
Watu wakatoka, wadogo kama punje za mtama,
na matawi mabichi mikononi, wakiupiga moto
kama wapurao maharage.
Mmoja wao ana kilemba cha njano.
Anaupiga, anarudi nyuma, anashika kiuno, anaupiga tena.
Ana goti bovu, mama yangu.
Nikamwita, ndani ya chumba chenye feni.
Na kwa kuwa nilisahau kuizuia,
lenzi ikageuka, kwa utaratibu wake, kuelekea Rangwi.
Rangwi kulikuwa kuzuri. Kuna jua. Hakuna kitu.

Iliporudi, moto ulikuwa umeishia kwenye mtaro,
mipodo mitatu ya ukingoni imeungua vidole tu,
na kilemba cha njano kimekaa chini
kinakunywa maji kwenye kidumu.

Saa kumi nikajaza fomu.
Muda wa kugundua. Muda wa kuzima. Eneo: ekari moja na nusu.
Chanzo:
Kishale kinapepesa, kinapepesa,
jicho pekee humu ndani linalojua kupepesa.

Shemweta akaingia kupokea zamu,
akafungua dirisha, akavuta pumzi.
"Mabua," akasema.
Kisha akanitazama, akatazama fomu,
akaenda kuchemsha chai nyingine.