Kiganja cha Fundo

Alikuja kwa mlango wa uani, saa nane za usiku,
Bi Mwanatumu binti Shaame wa Nyumba ya Fundo,
bila mpambe, bila kile kidude cha chuma
kinachoelea juu ya utosi wa kila mzaliwa wa Fundo kumhesabia pumzi.
Viatu kavishika mkononi.
Nikamwambia: karibu, ila hina hii nimekwisha kuikoroga,
ni ya bibi harusi wa Bopwe.
Akasema: sitaki hina. Nataka piko.

Labda huko usomako mvua hunyesha tu, kama mtu apigavyo chafya.
Hapa Wete masika yana kufuli.
Juu kule vioo vyao vinakozunguka
wingu halinyanyuki
mpaka kiganja cha Fundo kiguse jiwe la Baraza
na jiwe likisome: mstari wa umri, mstari wa riziki,
na kwa huyu, kovu la mbuzi chini ya kidole gumba
alilolipata jikoni kwetu Limbani, ana miaka saba,
katoroka kwao aje akune nazi kama watoto wa watu.

Babu zao waliuza maji kwa fundo.
Fundo moja, pishi ya karafuu.
Jina likawaganda, wakalitia dhahabu.
Fundo la maji lao, fundo la kamba lao,
sisi tukaachiwa la moyoni.

"Kesho tunauza masika matatu," akasema, "kwa machimbo ya Mirihi."
Na Micheweni?
Akautazama mtungi wangu.
"Kwenye daftari, Micheweni hakuna mtu."

Kaka zake wawili wameshaweka vyao. Kimebaki chake.
Kwani ukikataa?
"Watanikata. Jiwe haliulizi kama mkono una mwenyewe."

Nikamwambia, piko hutoka, Bi Mwanatumu. Wiki mbili, na ndimu.
"Wiki mbili zatosha. Mirihi inatupa kisogo Ijumaa.
Ikishapita, vyombo vyao havifiki tena mpaka mwaka wa tatu.
Tia ile kali. Ile inayobabua."

Miaka thelathini nawakanya wanawali na ile inayobabua.
Nikaitoa chini ya kitanda.
Akanipa viganja vyote viwili, kama anayenidai kitu.

Sikuchora ua, sikuchora kishada.
Nilipaka tu, kama masizi chini ya sufuria,
kazi mbaya kuliko zote zilizopita mkononi mwangu,
bibi harusi yeyote angenirushia bakuli.
Mstari wa umri ukazama. Wa riziki ukazama.
Kovu nililipita mara tatu, lilikuwa halikubali.
Ngozi ikaanza kuvimba sijamaliza.
Hakulia. Aling'ata upindo wa kanga yangu, pale penye jina,
mpaka maneno yakalowa.
Nikampa maji. Fundo moja, la mwisho mtungini.
Alilishika mdomoni muda mrefu kabla ya kulimeza,
kama ndiyo kwanza anajua uzito wake.

Akatoka mikono juu, mibichi bado,
kama mtu aliyekatizwa katikati ya dua.
Viatu vyake nikambebea mimi hadi kichochoroni.

Wanasema siwa ilipulizwa.
Wanasema kaka mkubwa alimshika kiwiko mwenyewe, akatabasamu,
na jiwe likamuuliza kwa sauti ya babu yao marehemu:
Nani wewe?
Likauliza tena.
Na la tatu, wanasema, akalijibu:
Hakuna mtu. Niandike Micheweni.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa uani nagombana na bibi harusi wa Bopwe,
hina imekauka bakulini, ngumu kama kigae,
naye ananiuliza kuna taabu gani kuikoroga upya,
na mimi nauinamisha mtungi,
nauinamisha.